Jumeirah

Jumeirah ni eneo la ufukweni mjini Dubai, Falme za Kiarabu, kwenye Ghuba, kusini-magharibi mwa Bandari ya Rashid. Hadi katikati ya karne ya 20 wakazi wake walikuwa wavuvi na wapiga mbizi wa lulu, wengi wakiishi katika vibanda vya makuti ya mitende. Nyumba za mawe katika Ghuba ziliezekwa kwa boriti za mikoko, nyingi zikiletwa kwa majahazi kutoka Lamu na delta ya Rufiji. Makazi yenyewe ni ya kale: magofu yaliyochimbuliwa kuanzia 1969 yanaonyesha mji wa biashara wa enzi ya Bani Abbasi.

Mwaka 1955 Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, baadaye mtawala wa Dubai, alijijengea huko nyumba ya kupumzikia wakati wa joto, Majlis Ghorfat Umm Al Sheif, ambayo leo ni makumbusho. Mafuta yalipopatikana, kampuni ya Chicago Bridge & Iron iliunda ufukweni matangi makubwa ya kuhifadhia mafuta baharini, na hoteli iliyofuata ikaitwa Chicago Beach. Ilibomolewa 1997. Hoteli ya Burj Al Arab, yenye umbo la tanga na urefu wa mita 321, ilifunguliwa 1999 juu ya kisiwa cha kutengenezwa. Kuitazama ni bure, kulala humo ni habari nyingine. Msikiti wa Jumeirah, uliofunguliwa 1979, hupokea hata wageni wasio Waislamu.