Nani Aweke Bunduki Chini Kwanza?

Ukitoka Goma, mashariki mwa Kongo, kwa barabara ya Sake, ukaipita Mugunga, unafika Mubambiro, kijiji cha wilaya ya Masisi ambacho kimeiona bunduki ikija na kuondoka kwa kila namna. Félix Tshisekedi alipoingia madarakani Januari 2019, mamia ya wapiganaji wa Kivu Kaskazini walitoka msituni wakakusanywa hapo, wakiambiwa kwamba maisha ya uraia yanawasubiri. Walichokuta ni uhaba wa chakula na dawa, na kungoja kusiko na mwisho. Wengi walichoka wakarudi walikotoka. Miaka michache baadaye Mubambiro ikawa kambi ya wanajeshi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, waliokuja kulisaidia jeshi la taifa. Januari 2025 waasi wa M23 walipoteka Sake na kisha Goma, wanajeshi 14 wa Afrika Kusini waliuawa katika mapigano ya eneo hilo, na wenzao wa Mubambiro wakajikuta wamezingirwa na adui waliyekuja kumzuia. Machi 13 mwaka huohuo SADC ikaamua kuufunga ujumbe wake.

Kwa mkazi wa huko, basi, suala la raia kuwa na bunduki si la vitabuni. Anajiuliza hivi: wa kwetu wakizikabidhi silaha leo, usiku wa kesho nani atakesha? Swali hilo limejibiwa kwa njia tofauti Marekani, Kivu, Karamoja na Usukuma. Ukiyaweka majibu hayo manne pamoja, unaona kwamba ugomvi wa haki na udhibiti, ambao ndio husikika zaidi, unafunika jambo lililo zito kuliko yote mawili, nalo ni zamu. Sheria ya silaha husimama au huanguka kwa jinsi inavyomtendea yule anayetangulia kuitii.

Tuanze na Marekani, kwa kuwa hoja zake ndizo zilizoenea duniani. Marekebisho ya Pili ya Katiba, ya mwaka 1791, yanataja jeshi la raia na haki ya watu kuwa na silaha katika sentensi moja, na mawakili wamevutana vizazi kwa vizazi kuhusu sehemu ipi inaitawala nyingine. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu iliamua kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi anayetaka kujilinda nyumbani kwake, hata kama hayumo katika jeshi lolote. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, ikaitoa haki hiyo nyumbani na kuifikisha barabarani. Matokeo yake yanahesabika: shirika la utafiti la Small Arms Survey lilikadiria mwaka 2017 kwamba raia wa Marekani walikuwa na bunduki milioni 393, nyingi kuliko watu wenyewe. Wanaotaka udhibiti huuliza ni usalama gani huo unaohitaji bunduki nyingi kuliko vichwa.

Wamiliki nao wana hoja ambayo mtu wa Masisi angeielewa bila mkalimani. Mwaka 2005, katika kesi ya Castle Rock, Mahakama hiyohiyo ilisikiliza shauri la mama wa Colorado aliyekuwa na amri ya mahakama ya kumzuia mumewe. Mume aliwachukua watoto wao watatu, mama akawaita polisi tena na tena, nao hawakuchukua hatua hadi watoto walipokwisha kuuawa. Majaji wakasema Katiba haikumpa haki ya kudai kwamba polisi waitekeleze amri ile. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na mwenye bunduki wa Colorado husema hivyohivyo kwa Kiingereza chake.

Ila hata huko, ukitazama ni nani aliyetakiwa kutii kwanza, picha inabadilika. Mwaka 1964, huko Jonesboro, Louisiana, wanaume weusi, baadhi yao wakiwa wanajeshi wa zamani, waliunda kundi la Deacons for Defense ili kuwalinda wapigania haki za kiraia dhidi ya Ku Klux Klan, kwa sababu askari wa eneo lao hawakutegemewa kufanya hivyo. Miaka mitatu baadaye, Black Panthers walipoanza kuzunguka Oakland na bunduki wakiwachunga polisi, bunge la California lilipitisha Sheria ya Mulford kuzuia kubeba hadharani silaha iliyojazwa risasi, na Gavana Ronald Reagan akaitia saini. Udhibiti ambao kwingine ulipingwa kwa jina la uhuru ulikubalika upesi pale ulipomlenga mnyonge aliyejihami. Haki iliandikwa kwa wote, lakini zamu ya kuipoteza ilianza na wachache.

Ukirudi Kongo unakuta kwamba kwenye karatasi nchi hii ni kali kuliko Marekani. Sheria ya silaha ya Septemba 3, 1985 inamtaka raia awe na kibali. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Kongo ilitia saini, inawakataza raia kabisa bunduki za kivita. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 190, inahesabu kuwa ni uhaini mkubwa kuunda wanamgambo au kufuga vijana wenye silaha. Lakini kifungu cha 63 cha Katiba hiyohiyo kinasema kila Mkongomani ana haki na wajibu mtakatifu wa kuilinda nchi dhidi ya uvamizi wa nje. Mpiganaji wa Masisi hujitetea kwa kifungu cha 63, na mwendesha mashtaka humngoja kwenye cha 190.

Katikati ya vifungu hivyo viwili pamejaa historia. Mauaji ya soko la Ntoto, wilaya ya Walikale, Machi 1993, yaliyowasha vita vya kikabila hadi Masisi, yalifanyika wakati mapanga, mikuki na mishale bado ndiyo silaha za wengi. Mwaka uliofuata jeshi lililoshindwa Rwanda liliingia Goma na silaha zake pamoja na mamia ya maelfu ya wakimbizi, na kambi ya Mugunga ikawa jirani wa Mubambiro. Tangu hapo kila jamii ikatafuta bunduki zake kwa kuiogopa jamii ya pili. Hapa ndipo Kivu inapoachana na Marekani: bunduki hubebwa na kijana mmoja lakini hudaiwa kwa jina la ukoo, kilima na ardhi. Haina leseni wala namba katika daftari la serikali. Mwenyewe ni kundi.

Hiyo haina maana kwamba haikuwa na sheria. Mai-Mai, wapiganaji wa jamii za huko, walikuwa na miko. Aliyenyunyiziwa maji ya dawa alikatazwa kuiba, kubaka na kula vyakula fulani, na akivunja mwiko aliamini kwamba risasi itampata. Waliopigana Vita vya Maji Maji miaka ya 1905 hadi 1907, kusini mwa Tanzania ya leo, wangeitambua imani hiyo. Asiyeamini dawa anaweza kucheka, lakini miko ile ilimpa kila mbeba silaha hakimu asiyeweza kumkimbia. Ilipokuja pesa ya madini na ya vizuizi vya barabarani, hakimu huyo alinyamazishwa. Mwisho wa Julai 2010, huko Luvungi na vijiji jirani vya Walikale, zaidi ya watu 300 walibakwa ndani ya siku chache na wapiganaji wa makundi kadhaa, likiwemo la Ntabo Ntaberi Sheka, ambaye alijitangaza mtetezi wa Walikale. Mahakama ya kijeshi ya Goma ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2020. Anayesema bunduki ya jamii huilinda jamii ana deni la kuwajibu wanawake wa Luvungi.

Je, dawa ni kuzikusanya zote? Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, walijaribu. Huko bunduki zilimiminika mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka na ghala la silaha la kambi ya Moroto kuporwa. Zikawa bunduki za zizi: zililinda ng'ombe, na ng'ombe ndio mahari, chakula na heshima. Desemba 2001 serikali ilianza kuzikusanya kwa hiari. Aliyekabidhi aliahidiwa plau ya kukokotwa na maksai na mabati, na bunduki karibu 10,000 zikapatikana. Ahadi kubwa zaidi ilikuwa kwamba jeshi litakaa katikati ya makabila kuzuia wizi wa mifugo. Machi 2002 wanajeshi wengi wakahamishiwa vita dhidi ya waasi wa LRA. Wabokora, kabila mojawapo la huko, waliokuwa wameitikia wito, wakavamiwa na majirani waliobakiza zao. Bunduki zikatafutwa upya, na tangu 2006 jeshi likaja kwa njia nyingine, likizingira vijiji alfajiri, likipiga na kutesa, mambo ambayo watetezi wa haki za binadamu waliyaandika kwa kirefu. Plau haikuweza kumrudishia Mbokora ng'ombe wake, wala kumfanya asadiki mara ya pili.

Kivu imelirudia kosa hilo na kuliongezea chumvi. Kwa mkataba wa Machi 23, 2009, kundi la waasi la CNDP liliingizwa jeshini likiwa bado na safu zake, makamanda wakapewa vyeo, na miaka mitatu baadaye baadhi yao wakaasi kwa jina la tarehe ileile ya mkataba, yaani M23. Kwa upande mwingine, kufikia mwaka 2014 zaidi ya watu 100, wapiganaji waliojisalimisha pamoja na jamaa zao, walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi katika kambi ya Kotakoli, mbali na kwao. Kisha ikaja Mubambiro ya 2019. Kijana wa Pinga au Kitchanga akiyajumlisha hayo anapata fundisho moja: anayeng'ang'ania bunduki hupata cheo, anayeitoa mapema hupata kambi.

Usukuma, nchini Tanzania, walilikwepa tatizo la zamu kwa kuchagua silaha ambayo kila mtu anaweza kuwa nayo. Baada ya Vita vya Kagera, bunduki zilizosambaa ziliwapa nguvu wezi wa ng'ombe, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakijiji wa Shinyanga na Tabora wakaunda sungusungu kwa pinde, mishale na filimbi. Kila kaya ilitoa mtu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa wa kwanza wala wa mwisho. Serikali ilisita, kisha mwaka 1989 ikawapa mamlaka kwa sheria. Tusiwapake asali: sungusungu walipiga watuhumiwa na kuwafukuza, hata kuwaua, vikongwe walioitwa wachawi. Upinde pia hauwezi kuzuia mizinga ya M23, na Tanzania ilikuwa na serikali iliyofika hadi kwa balozi wa nyumba kumi. Hata hivyo mila hii inatufundisha kwamba ulinzi wa raia hudhibitika pale unapogawanywa sawa na kuwa na baraza la kuuliza hesabu.

Kinshasa imechagua kinyume chake. Novemba 2022 Rais Tshisekedi aliwataka vijana waunde makundi ya ulinzi, na mwaka 2023 ikapita sheria ya jeshi la akiba, linalojulikana kwa herufi za Kifaransa RAD, iliyowafungulia Wazalendo, yaani makundi yenye silaha yanayopigana upande wa serikali, mlango wa uhalali. Watetezi wake wanasema ni afadhali bunduki hizo zijulikane kuliko zifichwe, na hoja hiyo ina uzito. Lakini Guidon Shimiray, kiongozi wa wapiganaji aliyekuwa akitafutwa na vyombo vya sheria vya kijeshi tangu 2019, aliibuka kuwa miongoni mwa vigogo wa Wazalendo. Kujulikana bila kuulizwa ni zawadi kwa mwenye bunduki, na waliozitoa zao mwaka 2019 waliona zawadi hiyo ikiwapita.

Kwa hiyo sheria itakayofaa Masisi na Walikale haitapimwa kwa ukali wa adhabu zake. Itapimwa kwa mambo matatu: iwaguse majirani wanaoogopana kwa siku moja, ilete ulinzi kabla ya kuomba silaha, na kila bunduki ya akiba iwe na namba, jina la aliyeishika na hakimu wa kumwita. Hakuna hata moja kati ya hayo lililofanyika kwa ukamilifu Kotakoli, Karamoja wala Mubambiro. Hadi yatakapofanyika, mzee wa Masisi anayekataa bunduki ya kilima chake ikabidhiwe ana sababu zinazosikika. Amejifunza kutokana na yaliyowapata waliotangulia kutii, na wanaoandika sheria hawana udhuru wa kutojifunza hayohayo.