Tuzo za Tony: Jinsi ya Kubashiri Wateule na Washindi wa Broadway

Mwaka 2016 ilipotangazwa kwamba Lupita Nyong'o ameteuliwa kuwania Tuzo ya Tony, kitengo cha mwigizaji bora wa kike katika mchezo wa kuigiza, barazani kwetu hapakuwa na mjadala mrefu. Binti wa Kenya, mwenye Oscar ya mwaka 2014 mkononi, nani wa kumshinda? Siku ilipofika, tuzo ikaenda kwa Jessica Lange. Wazee wakatikisa vichwa, vijana wakasema kuna mkono wa mtu, na kahawa ikapoa vikombeni.

Nikitazama nyuma, naona kosa lilikuwa letu. Tulibashiri kwa mapenzi. Lange alikuwa na Oscar mbili, si moja, na hakuwa amewahi kupata Tony. Tena alicheza nafasi ya Mary Tyrone katika mchezo wa Eugene O'Neill, Long Day's Journey Into Night, nafasi ile ile iliyompa Vanessa Redgrave Tony mwaka 2003. Dalili zilikuwepo kwa aliyezitafuta. Mchezo wa Lupita, Eclipsed, ulioandikwa na Danai Gurira kuhusu wanawake wa Liberia wakati wa vita, uliteuliwa katika vitengo vitano na ukaondoka na tuzo moja, ya maleba.

Ndugu msomaji, makala haya yanaeleza jinsi msimu wa tuzo hizi unavyokwenda, na jinsi mtu anavyoweza kukisia kwa akili badala ya kukisia kwa moyo.

Tuzo zenyewe

Tuzo za Tony zilianza mwaka 1947 mjini New York, Marekani. Zimepewa jina la Antoinette Perry, mwigizaji na mwelekezi aliyefariki mwaka 1946. Tony ni kifupi cha jina lake. Zinasimamiwa na taasisi mbili, American Theatre Wing na The Broadway League.

Si kila mchezo wa New York unaoruhusiwa kushindana. Sharti uwe umeonyeshwa katika mojawapo ya kumbi 41 za Broadway, ambazo kila mmoja una viti 500 au zaidi. Kuna michezo ya maneno matupu na michezo ya muziki, na kila kundi lina tuzo zake. Pia michezo mipya hutenganishwa na ile ya zamani iliyorudishwa jukwaani. Anayetaka kubashiri na aanze hapa: ajue nani yuko kundi gani. Kwa kawaida mwigizaji ambaye jina lake limetangulia jina la mchezo kwenye tangazo huhesabiwa mhusika mkuu, na ambaye jina lake liko chini huwekwa kwa wasaidizi, isipokuwa kamati ikiamua vingine. Uamuzi huo mdogo unaweza kumwondoa mtu kwenye kitengo kigumu na kumpeleka kwenye chepesi.

Kalenda ya msimu

Mlango hufungwa mwishoni mwa Aprili. Mchezo uliofunguliwa baada ya hapo husubiri mwaka unaofuata. Wateule hutangazwa mapema Mei, na washindi hujulikana Juni. Katikati hapo hutolewa tuzo nyingine za New York, kama Drama Desk, Outer Critics Circle na Drama League, na wabashiri huzitazama kama mabaharia wanavyotazama mawingu.

Milango miwili, mabawabu wawili

Hapa ndipo wengi hupotea. Wanaoteua si wale wanaochagua mshindi.

Wateule huchaguliwa na kamati ndogo ya watu wa fani hiyo, ambao hutakiwa kuitazama michezo yote ya msimu. Mtu aliyeona kila kitu hukumbuka hata mchezo mdogo uliofunguliwa Oktoba.

Washindi huchaguliwa na kundi kubwa, zaidi ya watu 800. Humo mna waigizaji, waandishi, waelekezi, wabunifu wa majukwaa na maleba, watayarishaji wenye fedha zao ndani ya shughuli, na wenye kumbi za miji mingine ya Marekani ambako michezo hupelekwa baada ya New York. Huyo wa mwisho akipiga kura hujiuliza pia: mchezo huu utauza tiketi kwetu? Kanuni inataka mpiga kura awe amewaona wateule wote wa kitengo kabla ya kukipigia kura.

Basi swali la Aprili ni: kamati imevutiwa na nini? Swali la Juni ni: wale mia nane wanapenda nini, na wanafaidika na nini?

Dalili na mipaka yake

Dalili ya kwanza ni idadi ya uteuzi. Inasaidia, lakini inadanganya. Mwaka 2016 Hamilton uliteuliwa mara 16 ukashinda 11, na waliobashiri hivyo walilala usingizi mzuri. Lakini mwaka 2018 Mean Girls na SpongeBob SquarePants iliongoza kwa uteuzi 12 kila mmoja. Mean Girls ulitoka mikono mitupu, na SpongeBob ukapata tuzo moja. The Band's Visit, uliokuwa na uteuzi 11, ulichukua 10. Vivyo hivyo Slave Play, mchezo wa maneno ulioteuliwa mara 12, haukushinda hata moja tuzo zilipotolewa mwaka 2021.

Dalili ya pili ni London. Wenzao wa huko wana Tuzo za Olivier, na mchezo uliotoka huko na sifa huja New York na upepo nyuma yake. Harry Potter and the Cursed Child ulipata Olivier 9 mwaka 2017, kisha Tony 6 mwaka 2018, ikiwemo ya mchezo bora. Hata hivyo Matilda, uliozoa Olivier 7 mwaka 2012, ulishindwa na Kinky Boots mwaka 2013 katika tuzo kubwa ya mchezo wa muziki.

Dalili ya tatu ni sanduku la fedha, na hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Mwaka 2004 Wicked ulikuwa unajaza ukumbi, lakini tuzo ya mchezo bora wa muziki ikaenda kwa Avenue Q, mchezo mdogo wa vibonzo vya mkononi. Wicked haukufa kwa hilo. Miaka zaidi ya 20 baadaye bado unachezwa. Naye Maybe Happy Ending, hadithi ya maroboti wawili mjini Seoul, ulianza mwishoni mwa 2024 kwa mauzo hafifu, watu wakaambiana mmoja baada ya mwingine, na Juni 2025 ukashinda tuzo sita, kubwa ikiwamo.

Dalili ya nne ni kuangalia vitengo vidogo. Mfano tunaoujua ni The Lion King, wenye majina yetu ya Kiswahili kama Simba na Rafiki. Mwaka 1998 ulipambana na Ragtime. Ragtime ulikuwa na uteuzi mwingi zaidi, ukashinda tuzo ya hadithi na ya muziki. Lakini The Lion King ulizoa jukwaa, maleba, taa, miondoko na uelekezi, kisha ukamaliza na tuzo ya mchezo bora. Wapiga kura walipenda walichokiona kwa macho kuliko kilichoandikwa.

Namna ya kuandika utabiri wako

Chukua karatasi, ichore safu mbili. Ya kwanza iandike "atakayeshinda", ya pili "anayestahili". Usizichanganye. Moyo wako uweke safu ya pili. Safu ya kwanza ni ya ushahidi. Kila jina liwekee sababu moja ya kushinda na moja ya kushindwa. Ukikosa sababu ya kushindwa, jua umeshakuwa mshabiki. Karatasi yetu ya 2016 ingekuwa na Lupita safu ya pili na Lange safu ya kwanza, na tusingegombana na mtu.

Kubashiri si kamari

Neno kubashiri siku hizi limechafuka, maana vijana wetu wakilisikia hufungua simu kutafuta kampuni ya kuwekea pesa. Kukisia kwa kupima dalili ni mazoezi ya akili, na mwenye kujua ya kesho ni Mwenyezi Mungu peke yake. Ukishatia shilingi, umeingia kwenye kamari, na Waislamu tunajua hukumu yake. Tumeona nyumba zilizovunjika kwa mchezo huo. Karatasi yako ibaki karatasi.

Somo la kwetu

Kila mwaka watoto wa Pwani hupanda jukwaani katika tamasha za drama za shule, na kila mwaka wazazi hurudi nyumbani wakidai waamuzi wamekula njama. Huenda mara nyingine kuna kasoro. Lakini kabla ya kulaumu, tujiulize kama tuliona michezo ya wenzetu yote, au tulimuona mtoto wetu tu. Mtoto anayesikia kila mara kwamba alidhulumiwa hajifunzi alipokosea. Anayeambiwa "wale walikutangulia hapa na hapa, wewe uliwazidi pale" hurudi mwaka ujao akiwa mwigizaji mwingine.