Upelelezi usio na bastola: njia ya Muhammed Said Abdulla na somo lake kwa Kigoma

Mkoa wa Kigoma una mtu wake katika historia ya riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, ila riwaya zenyewe zilihamia mjini. Ben R. Mtobwa, aliyezaliwa mkoani humu mwaka 1958 na kufariki mwaka 2008, ndiye aliyewapa wasomaji Joram Kiango, mpelelezi kijana na mtanashati, mwepesi wa bastola na mwepesi zaidi wa maneno matamu. Mtobwa alikuwa mwandishi wa habari, akawa mhariri, kisha akaanzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Katika miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa waandishi waliosomwa sana nchini, na majina ya vitabu vyake yanatangaza yaliyomo: Dar es Salaam Usiku, Tutarudi na Roho Zetu?, Salamu Toka Kuzimu. Anayetaka habari za wauza mawese na migebuka, au za soko la Mwandiga pale barabara inapogawanyika, moja kwenda Kasulu na nyingine kupanda Manyovu mpakani mwa Burundi, hatazitafuta humo kwanza. Kutokana na umaarufu wa Joram Kiango na wenzake, wengi wamezoea kuamini kwamba upelelezi wa Kiswahili hauna budi kuwa na jiji, gari linalokimbizwa na maiti nyingi. Historia yasema vingine. Riwaya hii ilizaliwa ya upole, katika jamii ndogo ambamo kila mtu anamjua mwenzake, na siri iliyokuwa ikitafutwa humo ilikuwa siri ya ukoo kuliko siri ya jinai.

Mwanzilishi wake ni Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Njia aliyopita hadi kufika kwenye riwaya inaeleza mengi kuhusu riwaya yenyewe. Baada ya masomo aliajiriwa katika idara ya afya akiwa mkaguzi, kazi ya kuingia majumbani mwa watu na kutazama yale ambayo mwenye nyumba angependa yasitazamwe. Mwaka 1948 aliiacha akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na kwa miaka kumi iliyofuata alisaidia pia kuhariri Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Hapa pana jambo ambalo wasifu wake hupita haraka mno. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu, na Afrika Kwetu lilisimama upande wa Waafrika, wakati pande hizo zikizidi kutazamana kwa jicho la uadui. Mtu aliyekaa kwenye meza za pande zote mbili alijifunza kwamba tukio moja lina masimulizi mawili, na kila msimulizi anaapa kuwa wake ndio wa kweli. Mwaka 1958 akahamia jarida la Mkulima, akalihariri mpaka alipostaafu mwaka 1968. Ukaguzi, siasa, kilimo: hakuna hata hatua moja katika hizo inayofanana na maisha ya jasusi.

Katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoandaliwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda, na mwaka 1960 ikatoka kitabuni. Zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na mwisho Kosa la Bwana Msa (1984). Shujaa wa mfululizo huu, Bwana Msa, si askari na hana haraka. Huvuta kiko chake, huzungumza na rafiki yake Najum, husikiliza watu, kisha hufikiri. Mauaji ya kitabu cha kwanza yanahusishwa na mzimu unaoogopwa, na hofu hiyo ingetosha kuifunga kesi. Bwana Msa anaifungua kwa kukataa kwamba mizimu huua watu. Damu ni kidogo na vitisho havidumu. Kinachomshika msomaji ni swali la nani ni nani, maana katika kadhaa ya riwaya hizi fundo linafungwa na uzazi uliofichwa: mtoto asiyemjua baba yake, ndoa iliyokanwa, jamaa wasiojua kwamba ni jamaa.

Tuupime uzito wa swali hilo kwa kalenda. Uchaguzi wa kwanza Zanzibar ulifanyika Julai 1957, na tangu hapo kuulizana asili kukawa siasa. Nani Mwarabu, nani Mshirazi, nani Mwafrika, nani mgeni, haya yalikuwa maswali ya kura na ya magazeti, na Abdulla aliyahariri kwa mkono wake. Katika miaka hiyohiyo anatunga hadithi ambazo ndani yake asili ya mtu haisomeki usoni, nasaba inayojulikana mtaani inaweza kuwa ya uongo, na anayeipata kweli ni yule anayekubali kuchunguza kabla ya kuhukumu. Sidhani kama ilisadifu tu. Huko ni kuijibu siasa ya zama zake kwa njia ya pembeni, na pengine ndiyo njia pekee iliyokuwa wazi kwa mhariri aliyetaka asomwe na pande zote.

Wapo watakaosema kwamba tunampa Abdulla sifa zisizo zake, kwani Bwana Msa na kiko chake ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu, na Najum ni Daktari Watson. Mkopo upo, na hakuna haja ya kuuficha. Lakini tazama alichokiacha. Holmes anaishi London, jiji la wageni wasiojuana, na uhodari wake ni wa kusoma majivu ya sigara na matope ya viatu. Bwana Msa yuko mahali ambapo ushahidi mkubwa ni jinsi mtu anavyomwita mwenzake, nani alimlea nani, na kwa nini bibi fulani ananyamaza akitajiwa jina fulani. Kwa hilo anafanana zaidi na Miss Marple, yule bibi wa kijijini ambaye Agatha Christie alimtoa katika riwaya mwaka 1930, na ambaye hutegua vitendawili kwa sababu ameishi sana na majirani. Ifahamike pia kwamba Abdulla alikuwa na kielelezo kingine mbele yake: tangu mwaka 1929 wasomaji wa Kiswahili walikuwa na Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya Rider Haggard ya wazungu wanaovuka nyika kutafuta hazina. Angeweza kufuata njia hiyo ya safari na bunduki. Alichagua kubaki nyumbani.

Bunduki zilikuja baadaye, na zilikuja bara. Faraji Katalambula alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na miaka ya 1970 Elvis Musiba akamleta mpelelezi wake Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), kisha akampeleka Kinshasa katika Kikosi cha Kisasi (1979). Sababu si ngumu kuziona. Vita vya ukombozi kusini mwa Afrika vilileta habari za majasusi na wasaliti. Dar es Salaam ilijaa vijana waliotoka mikoani, wengi wao kwa Reli ya Kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914. Na kijana aliyepanga chumba kwenye mji wa watu asiowajua anahitaji shujaa anayejua kuishi miongoni mwa wasiojulikana. Willy Gamba na Joram Kiango walimfaa. Sivibezi vitabu hivyo, maana vilijenga usomaji wakati karatasi ni adimu na vitabu vya Kiswahili ni vichache, na wahakiki wanaoviita riwaya pendwa kwa mdomo wa kubetua wangefaa kujiuliza ni wangapi wamesoma hiyo wanayoiita riwaya dhati bila kulazimishwa na mtihani. Ninachokataa ni kule kuuona mwendo huo kuwa ukuaji, kana kwamba Bwana Msa alikuwa mtoto na Joram Kiango ndiye mtu mzima. Msomaji alihama na mpelelezi akamfuata. Waliobaki vijijini wakabaki bila wao.

Huko Marekani mwendo umekuwa wa kurudi kijijini. Mbali na riwaya za upelelezi za upole, zenye kijiji, duka la mikate na mpelelezi asiye na cheo, limekua soko kubwa la riwaya za wanawake wa Kiamishi, Wakristo wa Pennsylvania, Ohio na Indiana wanaotumia farasi badala ya magari na kujitenga na mengi ya dunia. Kitabu kinachotajwa kuwa kilifungua soko hilo ni The Shunning cha Beverly Lewis, kilichotoka mwaka 1997, na kiini chake ni binti anayegundua kwamba waliomlea si waliomzaa. Msomaji wa Abdulla atatabasamu, kwa kuwa huo ni mtaa wake. Zanzibar, Pennsylvania, popote pale jamii inapoishi kwa heshima na masharti ya dini, siri kubwa huwa imefungwa kwa mwanamke, na anayelipa gharama ya kuitunza ni yeye. Kwa Kiswahili upande huo umeandikwa pia, ingawa bila mpelelezi: Zainab Burhani katika Mwisho wa Kosa (1987), Ndyanao Balisidya katika Shida (1975), na Adam Shafi katika Vuta n'kuvute (1999), ambamo Yasmin, msichana wa jamii ya Wahindi wa Unguja, anaikimbia ndoa ya mzee na jamaa zake wanamfungia mlango. Bwana Msa alikuwa na udhaifu wake hapa: mengi anayoyafumbua ni maisha ya wanawake, lakini wanaofikiri na kuzungumza kwa mapana ni wanaume wawili. Mwandishi wa leo anaweza kuyaunganisha yaliyotengana, akampa upelelezi mama anayejua koo zote kwa sababu amezalisha, ameozesha na amezika.

Pingamizi zito zaidi linahusu Kigoma yenyewe. Mkoa huu umepokea wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 na wa 1993, na wa Kongo tangu 1996, mwaka ambao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu. Penye majonzi ya kweli kiasi hicho, mtu atauliza, hadithi ya mauaji yanayoteguliwa kwa mazungumzo barazani si dhihaka? Ningekubali kama upole wa riwaya hizi ungekuwa katika kukidogosha kifo. Haupo hapo. Upo katika kukataa kukifanya tamasha, na katika kusisitiza kwamba aliyekufa alikuwa na jina, jamaa na jirani anayetaka kujua kilichompata. Waamishi nao si watu wa hadithi tu: Oktoba 2006 mtu mwenye silaha aliwaua wasichana watano katika shule yao huko Nickel Mines. Riwaya zinazowahusu hazikukoma baada ya hapo, maana wasomaji hawakuwa wakizisoma kwa kudhani kuwa huko hakuna ubaya.

Tena swali lile la Abdulla, la nani ni mtoto wa nani, huku ziwani ni la kila siku kuliko lilivyo pwani. Ujiji ina Wamanyema ambao wazee wao walivuka kutoka Kongo enzi za misafara. Vijiji vya Waha vimechanganyika kwa ndoa na Warundi tangu kabla ya kuwapo mpaka wa Manyovu. Na mwaka 2014 serikali ilianza kutoa vyeti vya uraia kwa Warundi wapatao 162,000 wa ule mkumbo wa 1972, wengi wao wakaazi wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Nyuma ya cheti kama hicho pana ukoo wenye masimulizi yake, jina lililobadilishwa, shamba linalodaiwa, ndugu aliyebaki ng'ambo. Ziwa Tanganyika liliingia katika riwaya ya dunia mwaka 1935, pale Mwingereza C. S. Forester alipotoa The African Queen akichochewa na vita vya meli za Waingereza na Wajerumani humu ziwani, na katika kitabu hicho wenyeji wa pwani hizi karibu hawasikiki. Toka hapo tumepata meli Liemba kwenye picha za watalii na Ujiji ya Livingstone na Stanley kwenye vitabu vya shule. Riwaya ya upelelezi inayokiuliza kijiji maswali yake chenyewe bado haijatufikia mikononi.

Bwana Msa alitoka kwenye mashindano, na mashindano leo yapo. Tuzo ya Kiswahili ya Safal imekuwapo tangu mwaka 2014, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza kutolewa mwaka 2023. Waamuzi wa tuzo hizo wasiirudishe hati kwa kuwa ni ya upelelezi, wala wachapishaji wasiikatae kwa kuwa haina bastola. Na wewe unayeandika ukiwa Mwandiga, Kalinzi au Ujiji, usingoje uhamie Dar es Salaam ndipo uanze.