Cheti Kilichokuwa Pasipoti: Historia ya Kupima Kiingereza cha Msafiri wa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya mitihani ya umilisi wa Kiingereza inayotakiwa kwa wanafunzi na wafanyakazi wa Afrika Mashariki wanaokwenda ng'ambo. Hoja yake ni kwamba hadi miaka ya 1960 uthibitisho wa Kiingereza ulikuwa umo ndani ya cheti cha shule, na kwamba viwili hivyo vilitengana katika kipindi kilekile ambacho nchi zetu zilichukua mamlaka ya mitihani yake. Makala yanajadili pia jinsi matokeo ya mitihani hii yanavyosomwa, na hatimaye yanaugeuza mjadala kuelekea Kiswahili.

Utangulizi

Mwanzoni mwa mwaka 2022, Waziri wa Afya wa Kenya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alieleza hadharani kwamba kati ya wauguzi wapatao 300 waliotahiniwa Kiingereza ili waende kufanya kazi Uingereza, ni 10 tu waliofaulu. Mkataba wa ajira za afya baina ya serikali hizo mbili ulikuwa umetiwa saini Julai 2021. Habari hiyo iliwafedhehesha wengi Nairobi. Katika chumba chetu cha walimu hapa Uganda, niseme kweli, ilipokewa kwa kicheko cha jirani.

Kicheko kile hakikuwa na msingi. Muuguzi wa Uganda anayetaka kusajiliwa Uingereza hukutana na masharti yaleyale, pamoja na kwamba Kiingereza ni lugha rasmi ya nchi yetu kwa mujibu wa katiba na ndicho kinachotumika kufundishia hadi chuoni. Swali linalostahili kuulizwa si kwa nini wauguzi 290 walishindwa, bali ilikuwaje mtu aliyefanya mitihani yake yote ya maisha kwa Kiingereza akatakiwa kufanya mmoja zaidi ili kuthibitisha kwamba anakijua Kiingereza. Jibu lake ni la kihistoria, na sehemu yake tuliiandika wenyewe.

Imla mpakani

Kumpima mgeni lugha mlangoni ni desturi kongwe kuliko mitihani tuijuayo leo. Mwaka 1897 koloni la Natal lilipitisha sheria iliyomtaka mhamiaji aandike ombi lake kwa lugha ya Ulaya. Sheria haikutaja rangi wala asili ya mtu, lakini kila aliyeisoma alifahamu kwamba waliolengwa ni Wahindi. Mtindo huo uliipendeza serikali ya London, ambayo iliwashauri mawaziri wakuu wa makoloni mengine wauige. Australia iliuiga mwaka 1901 kwa mtihani wa imla: ofisa alimsomea mgeni kifungu cha maneno 50 katika lugha yoyote ya Ulaya aliyoichagua ofisa mwenyewe. Baada ya mwaka 1909 hakuna aliyefaulu. Mwaka 1934 mwandishi wa habari Egon Kisch, aliyejua lugha kadhaa za Ulaya, alisomewa imla kwa Kigaeli cha Uskoti. Mahakama Kuu ya Australia iliamua kwamba Kigaeli hicho hakikuwa lugha ya Ulaya kwa maana iliyokusudiwa na sheria. Imla ilifutwa mwaka 1958.

Lingekuwa kosa kuifananisha imla ile na IELTS au TOEFL ya leo. Imla iliundwa ili mtu ashindwe; mitihani ya leo imeundwa na wataalamu wanaojali kwa dhati uhalali na uthabiti wa upimaji, nami nimesoma kazi zao kwa faida kubwa. Hata hivyo mahali pa mtihani hapajabadilika. Upo palepale mlangoni, na mwenye mlango ndiye apangaye alama ya kupita.

Chimbuko la kitaaluma liko kwingine. Mwaka 1913 Cambridge ilianzisha mtihani wa umilisi wa Kiingereza kwa wageni waliotaka kuwa walimu wa lugha hiyo. Ulichukua takriban saa 12, ukiwa na tafsiri, insha, fonetiki, fasihi na imla. Watahiniwa walikuwa watatu, na wote walishindwa. Pengine wauguzi wa mwaka 2022 wangepata faraja kidogo kwa kulijua hilo.

Cheti cha Cambridge na warithi wake

Kwa Mwafrika Mashariki wa miaka ya 1940 na 1950, Kiingereza hakikuwa na mtihani wa pekee wa safari. Kilipimwa ndani ya Cheti cha Shule cha Ng'ambo kilichotolewa na Cambridge, na kilipimwa kwa ukali. Mantiki ya ukali huo ilishuka hadi shule za msingi. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika *Decolonising the Mind* (1986) habari za mwenzake wa darasa la mwaka 1954 aliyepata alama za juu kabisa katika masomo yote isipokuwa Kiingereza. Alihesabiwa kuwa ameshindwa mtihani mzima, akaishia kuwa taniboi wa basi. Ngũgĩ mwenyewe, aliyekuwa na alama za kawaida lakini amefanya vizuri katika Kiingereza, alipata nafasi Alliance.

Mfumo huo ulikuwa dhalimu. Lakini aliyeupita alitoka na cheti kilichosomeka kotekote katika himaya na nje yake, kwa kuwa karatasi zilisahihishwa kwa kipimo cha Cambridge. Septemba 1959, ndege ya kwanza ya wanafunzi iliyoandaliwa kwa juhudi za Tom Mboya ilipoondoka Nairobi kwenda Marekani ikiwa na vijana 81, kilichowafungulia mlango kilikuwa vyeti vya shule, barua za vyuo na michango ya fedha. TOEFL haikuwapo.

Miaka michache iliyofuata ilibadilisha hali hiyo kutoka pande mbili. Januari 1961, Makerere ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992, aliushutumu mkutano huo kwa kuhalalisha imani kwamba Kiingereza hufundishwa vyema bila lugha nyingine darasani na kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo. Wengine wameona kwamba alizidisha. Kwa makala haya inatosha kusema kwamba Mwafrika aliyesomea Kiingereza alianza kutambuliwa kitaalamu kama mtumiaji wa lugha ya pili, yaani mtu ambaye Kiingereza chake ni cha kupimwa. Mwaka huohuo wataalamu walikutana Washington kujadili namna ya kuwapima wanafunzi wa kigeni, na TOEFL ilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1964. Uingereza nayo, kupitia British Council, ilitumia mtihani ulioundwa na Alan Davies kuanzia katikati ya miaka ya 1960, kisha ELTS mwaka 1980, na IELTS mwaka 1989 kwa ushirikiano na Australia.

Upande wa pili ulikuwa wetu. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilianzishwa mwaka 1967, likarithi kazi ya Cambridge. Tanzania ilijitoa mwaka 1971 na kuunda NECTA mwaka 1973. Kenya ilipata baraza lake mwaka 1980, Uganda mwaka 1983. Hatua hizo zilikuwa za haki, wala simsikii mtu mwenye busara akidai turejee nyuma. Lakini cheti kimoja kilichojulikana nje kilizaa vyeti vitatu ambavyo ofisa wa ng'ambo alilazimika kujifunza kuvisoma, na hakuona haja ya kujifunza kwa kuwa sasa alikuwa na kipimo chake mwenyewe. Sisemi kwamba kuvunjika kwa baraza la pamoja ndiko kulikoleta IELTS. Nigeria na Ghana zilibaki na baraza moja la Afrika Magharibi, na vijana wao hutahiniwa vilevile. Ninachosema ni kwamba tulipokaa kugawana baraza, hatukujadili thamani ya cheti nje ya mipaka. Kwa upande mwingine, mmoja wa wamiliki wa IELTS ni Cambridge ileile. Mtahini aliyetoka kwa mlango wa mbele amerudi kwa dirisha, na safari hii ada hulipwa na mtahiniwa.

Mia tatu na kumi

Turudi kwa wauguzi. Masharti ya baraza la wauguzi la Uingereza yalitaka daraja la 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, kwenye kipimo cha madaraja 9. Kila stadi ina sakafu yake. Muuguzi mwenye 8 katika kusikiliza na kuzungumza, 7.5 katika kusoma na 6 katika kuandika ameshindwa, na katika hesabu ya waziri anawekwa kapu moja na asiyejua kitu. Idadi ya waliofaulu haituambii kiwango cha Kiingereza cha kundi. Inatuambia ni wangapi waliovuka mistari minne kwa pamoja. Mshauri wa sera anayepewa takwimu ya namna hiyo aombe mgawanyo wa alama kwa kila stadi kabla ya kutoa hukumu juu ya mitaala. Uzoefu wangu wa kuwaandaa watahiniwa unaonyesha kwamba wengi huangushwa na kuandika. Hoja hupangwa kwa namna ambayo shule zetu hazikuifundisha, kwa kuwa shule zetu zilifundisha insha ya Cambridge ya zamani, yenye methali mwanzoni na fundisho mwishoni.

Kuna pia suala la wodi. Muuguzi wa Mbale au Kisumu hufundishwa kwa Kiingereza na huandika faili kwa Kiingereza, lakini mgonjwa humtuliza kwa lugha ya mgonjwa. Huo ndio uuguzi mwema. Mtihani hauna mahali pa kuuandika.

Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi mtihani kwa kuwa wengi wao huzungumza Kiingereza. Guyana, Belize na Malta zimo. Hakuna hata nchi moja ya Afrika. Kigezo ni wingi wa wazungumzaji, si lugha ya elimu, na kwa kigezo hicho hatuwezi kuingia kamwe. Rwanda iliyoamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza, na kujiunga na Jumuiya ya Madola mwaka 2009, haikupata nafuu yoyote mlangoni. Nafuu iliyopatikana imekuja kwa njia nyingine: mwaka 2023 baraza la wauguzi lililegeza kanuni za kuunganisha alama za mitihani miwili, na kuruhusu ushahidi wa mwajiri. Mabadiliko hayo yalifikiwa kwa mashauriano, si kwa malalamiko ya magazetini.

Wala kipimo chenyewe si mwamba. Mwaka 2014 uligunduliwa udanganyifu katika vituo vya TOEIC nchini Uingereza. Serikali ilifuta viza za maelfu ya wanafunzi, na baadhi yao walithibitisha baadaye kwamba hawakuwa na hatia. Cheti nacho huchakaa kwa miaka miwili. Changu kiliisha muda wake nikiwa ningali naandika tasnifu, kwa Kiingereza, katika nchi iliyokuwa imekidai.

Upande wa pili wa meza

Wakati wa ukoloni wa Kiingereza meza hii iliwahi kugeuzwa. Ofisa wa Tanganyika au Kenya alitakiwa kufanya mtihani wa Kiswahili wa ngazi ya chini, kisha wa juu, na asiyefaulu alizuiliwa kupanda cheo. Kiswahili alichopimwa kilikuwa kile kilichosanifishwa na kamati iliyoanza kazi mwaka 1930 kwa msingi wa Kiunguja. Mzee wa Mvita angeweza kusahihishwa na kijana wa Oxford aliyefaulu wiki iliyopita.

Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga na Jumuiya mwaka 2022. Muuguzi wa Bukavu ana haki ya kutafuta kazi Mwanza au Fort Portal, na ni jambo la busara mwajiri kutaka kujua kama wataelewana na wagonjwa. Kama mtihani wa umilisi wa Kiswahili wa kanda utaundwa, kazi ngumu haitakuwa kutunga maswali. Itakuwa kuamua mapema, kabla ya mtahiniwa wa kwanza kuketi, kama Kiswahili cha Bukavu, chenye ngeli zake na maneno yake ya Kifaransa, kitahesabiwa kuwa kosa au lahaja. Na katika chumba cha watahini watakaoamua hivyo, ni wangapi watakuwa wametoka Bukavu.