Viumbe wa sayari nyingine: wanaweza kutufikia kweli?

Siasa naiweka pembeni kidogo. Mdogo wangu wa darasa la tano alikuwa halali karibu wiki nzima. Usiku aliona angani taa zimejipanga mstari, zinakwenda kimya kimya, na jirani mmoja akamwambia hao ni watu wa sayari nyingine, wanakuja kuchukua watoto. Zile ni setilaiti za Starlink. Zinarushwa kwa mafungu tangu 2019, na siku za kwanza huonekana kama treni. Hilo nililimaliza dakika moja. Lakini dogo akaja na swali la pili: kaka, wakitaka, wanaweza kuja? Nikaona nisimdanganye. Nikakaa chini na kalkuleta.

Tuanze na umbali, maana ndiko kwenye kazi. Ukiondoa Jua, nyota ya karibu kuliko zote ni Proxima Centauri. Mwanga unakimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, lakini kutoka huko unatumia miaka minne na kitu kutufikia. Ni kama kilomita trilioni 40. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa na NASA Septemba 1977, kinakwenda kilomita 17 kwa sekunde. Dar mpaka Morogoro ni sekunde 11 tu, hata hujafunga mkanda! Kwa mwendo huo Proxima ni miaka kama 75,000. Parker Solar Probe ilifikisha kilomita 190 kwa sekunde Desemba 2024, tena kwa kuvutwa na Jua. Nayo ingetumia zaidi ya miaka 6,000.

Mtasema wenzetu hao wana akili kutuzidi. Sawa. Wape asilimia 10 ya kasi ya mwanga, safari inakuwa miaka 42. Sasa leta bili. Chombo cha tani 1,000, yaani kama malori 33 ya tani 30, kukifikisha kasi hiyo kunakula nishati inayokaribia ile inayotumiwa na dunia nzima kwa miezi tisa: umeme, petroli, makaa, vyote. Bado breki, nayo inataka kiasi hichohicho. Na kikigongana na kijiwe cha gramu moja njiani, mlipuko wake ni kama tani 100 za baruti ya TNT.

Ndiyo maana mimi naona akija mgeni hatakuwa na damu. Itakuwa mashine, tena ndogo. Mashine haili, haizeeki, haina haraka. Hata sisi tuliwaza hivyo: mradi wa Breakthrough Starshot, uliotangazwa 2016, ulilenga kusukuma kwa leza vyombo vya gramu chache tu.

Na muda upo, wadau. Hapo ndipo Enrico Fermi aliponasa mwaka 1950, akila chakula cha mchana na wenzake kule Los Alamos, akauliza: wako wapi wote? Galaksi yetu ina upana wa kama miaka ya nuru 100,000. Kwa asilimia moja tu ya kasi ya mwanga unaivuka kwa miaka milioni 10, na yenyewe ina zaidi ya miaka bilioni 10.

Wageni kutoka nyota nyingine tumeshawaona, ila ni mawe na barafu. ʻOumuamua ilipita 2017, Borisov 2019, 3I/ATLAS 2025. Avi Loeb wa Harvard alidai ya kwanza huenda ni mtambo, wanasayansi wengi wakamkatalia. Hizo mbili nyingine ni nyota mkia.

Halafu nani katuita? Matangazo yetu ya redio yana miaka mia na kidogo. Aliye mbali kuliko hapo hajatusikia bado, na aliyesikia bado ana safari ya kutufikia.

Nikamweleza dogo yote hayo, akalala fofofo. Asubuhi tunakunywa chai akaniuliza: na kama walianza safari kabla hatujazaliwa? Hesabu inakubali. Nikamwambia amalize chai awahi shule. Mwenye jibu la kumpa alimwage hapo chini.