Kinder Scout na Haki ya Kupita

Kati ya Manchester na Sheffield, miji miwili ya Uingereza iliyokuzwa na pamba na chuma, pameinuka uwanda mpana wa mawe ya mchanga uitwao Kinder Scout. Kilele chake ni mita 636 tu kutoka usawa wa bahari, na kukitambua ni kazi, maana huko juu ni tambarare tupu: nyasi ngumu, vichaka vifupi vinavyochanua zambarau mwezi Agosti, na makorongo yaliyokatwa na maji ndani ya mboji nyeusi hadi kupita kimo cha mtu. Upande wa magharibi, mto Kinder hutumbukia kiasi cha mita 30 kutoka ukingoni. Upepo ukivuma kwa nguvu kutoka bondeni huyashika maji yale kabla hayajafika chini na kuyarusha tena juu, na watu wa vijiji vya jirani huyaona yakipaa.

Ukishuka kwenye treni asubuhi katika kituo cha Edale, ukapanda kwa njia ya Jacob's Ladder, ukafuata ukingo hadi maporomoko, kisha ukateremka bonde jembamba la William Clough mpaka kijiji cha Hayfield, umepata matembezi ya siku nzima yenye vilima, nyika na mabonde kwa pamoja. Maelfu ya watu hutembea hivyo kila mwaka bila kumwomba mtu yeyote ruhusa. Mababu zao wangekamatwa mabega na kurudishwa walikotoka.

Nyika hii zamani ilikuwa malisho ya pamoja. Wenyeji walichunga kondoo, wakachimba mboji ya kuwashia moto, wakavuka kwenda kijiji cha pili. Katika miaka ya 1830 iligawanywa kwa utaratibu wa kisheria uliokuwa umekwisha kuenea nchini kote: ramani ikachorwa, mipaka ikatiwa, na ardhi ikawa mali ya wachache wenye mashamba makubwa. Hakuna vita vilivyopiganwa. Karatasi zilitosha.

Kisha akaja ndege. Nyika za kaskazini mwa Uingereza ni makazi ya ndege wa jamii ya kwale anayekula machipukizi ya vile vichaka vya zambarau, na kumwinda kukawa fahari ya matajiri. Msimu hufunguliwa tarehe 12 Agosti. Ili ndege wawe wengi, vichaka huchomwa kwa mafungu ili vichipue upya, na ili wasishtuliwe wakiwa kwenye viota, watu wakazuiwa kuingia. Wakaajiriwa walinzi wenye marungu. Eneo kubwa lililo wazi machoni mwa miji miwili mikubwa likawa halikanyagiki mwaka mzima, kwa ajili ya siku chache za bunduki.

Na miji ile ilikuwa imejaa watu waliohitaji hewa. Moshi wa viwanda ulifunika jua, mapumziko yalikuwa Jumapili, na tangu 1894 reli ya bonde la Edale ilikuwa imelisogeza bonde lile karibu na mjini. Wafanyakazi wakatoka kwa makundi, na mkate mfukoni.

Watu wa kwanza kudai njia hawakuwa wanamapinduzi. Mwaka 1876 wakazi wa Hayfield waliunda chama cha kulinda njia zao za kale. Mwaka 1894 kikaundwa kingine kikubwa zaidi, kilichoendesha madai yake kwa barua, kwa vikao, na kwa kuzungumza na wenye ardhi mmoja mmoja. Miaka 3 baadaye, 1897, kilifanikiwa kufungua Snake Path, njia inayotoka Hayfield kuvuka nyika upande wa kaskazini. Sheffield nako, G. H. B. Ward, fundi mitambo, alianzisha chama cha watembeaji mwaka 1900, na kwa miongo kadhaa alitoa vitabu vidogo vya mfukoni vilivyoeleza historia ya kila njia: nani aliipita, na nani aliifunga. Nawaheshimu sana watu hawa, kwa sababu kazi yao haikuwa na shangwe. Njia moja iliweza kula miaka ya maisha ya mtu.

Lakini njia ni mstari. Inakuruhusu kuvuka nyika, haikuruhusu kuizunguka. Vijana wa miaka ya 1930, wengi wao wasio na ajira, waliitaka nyika yenyewe.

Pasaka ya 1932, kundi la vijana wa shirikisho la michezo la wafanyakazi lililofungamana na Wakomunisti lilipiga kambi karibu na Kinder. Walinzi wakawafukuza walipojaribu kupanda Bleaklow, kilima cha jirani. Waliporudi kambini walikubaliana kwamba kama wangekuwa wengi, walinzi wasingeweza kuwazuia wote. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Benny Rothman, kijana mfupi wa miaka 20 kutoka Manchester, mtoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Romania. Alitangaza siku na mahali hadharani, hata magazetini. Jumapili, tarehe 24 Aprili 1932, polisi walimsubiri kwenye stesheni, naye akaenda Hayfield kwa baiskeli.

Wakusanyikaji walikuwa mamia. Hesabu inayotajwa zaidi ni 400. Rothman aliwahutubia katika machimbo ya mawe ya Bowden Bridge, kisha msafara ukapanda William Clough. Karibu na juu wakatoka njiani na kuparamia mteremko, na walinzi wakawapokea kwa marungu. Palitokea purukushani ya muda mfupi, na mlinzi mmoja akaumia kifundo cha mguu. Wakafika juu, wakakutana na wenzao wa Sheffield waliotokea Edale, wakapongezana, wakateremka. Kileleni penyewe hawakufika. Waligusa tu pembe ya uwanda. Huko Hayfield polisi wakachambua umati na kukamata watu.

Kuingia ardhi ya mtu hakukuwa kosa la jinai katika sheria ya Uingereza. Lilikuwa jambo la madai, mwenye ardhi na mwingiaji, na fidia ikiwa kuna kilichoharibika. Kwa hiyo vijana sita walipelekwa mahakama ya Derby mwezi Julai kwa mashtaka ya fujo na shambulio. Jopo lililopima kama wana kesi ya kujibu lilijaa maofisa wa jeshi na wenye mashamba. Mmoja aliachiwa kwa kukosekana ushahidi. Watano walifungwa kati ya miezi 2 na 6. Rothman alipewa 4.

Kwa maoni yangu, ni hukumu hiyo iliyoikuza siku ile. Vyama vya watembeaji vya zamani vilikuwa vimelaani mpango wa vijana, vikihofia utavunja mazungumzo ya miaka mingi. Lakini walipoona kijana anafungwa kwa kwenda kutembea, hata waliompinga walikasirika, na mkutano wa watembeaji wa mwaka huo katika bonde la Winnats Pass ulijaa maelfu ya watu. Kinachosahaulika ni kwamba mwaka huohuo, 1932, Bunge lilipitisha sheria iliyosema njia iliyotumiwa na umma wazi kwa miaka 20 bila kuzuiwa huhesabiwa kuwa njia ya umma. Hilo lilikuwa tunda la wale waandika barua wavumilivu. Sioni sababu ya kuchagua kati yao na Rothman. Bila barua, kelele za Kinder zingekosa sheria ya kushikia. Bila kelele, barua zingeendelea kungoja mezani.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Sheria ya 1949 iliunda mfumo wa hifadhi za taifa, na Aprili 1951 Peak District, eneo lenye Kinder, likawa hifadhi ya kwanza ya Uingereza. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kusimama kidogo. Mwaka huohuo wa 1951, chini ya dola hiyohiyo, Serengeti nayo ilianza kazi kama hifadhi ya taifa. Huko Peak District wakulima walibaki na nyumba na kondoo wao, na neno hifadhi likawa na maana ya kumfungulia mtu mlango. Huku Tanganyika, kufikia 1959 Wamaasai walikuwa wametakiwa kuondoka Serengeti na kuhamia Ngorongoro. Jina ni moja, na serikali iliyotia saini ni moja, lakini mwananchi wa Peak District alifunguliwa ardhi, na mwenzake wa Serengeti alinyang'anywa yake. Wanaoandika historia ya hifadhi wangefanya vyema kuziweka habari hizi mbili katika ukurasa mmoja.

Mwaka 1965 ilizinduliwa Pennine Way, njia ndefu inayoanzia Edale hadi mpakani mwa Scotland, wazo la mwandishi wa habari Tom Stephenson aliyelitangaza gazetini miaka 30 nyuma. Mwaka 1982 Kinder ilinunuliwa na shirika la National Trust. Sheria ya mwaka 2000 hatimaye iliruhusu kutembea popote katika nyika na milima iliyotiwa kwenye ramani, na kwa Peak District ikaanza kutumika Septemba 2004. Aprili 2002, katika kumbukumbu ya miaka 70, Duke wa Devonshire alisimama Bowden Bridge mbele ya watembeaji akaomba radhi kwa niaba ya familia yake, iliyokuwa miongoni mwa wenye ardhi walioifunga nyika. Rothman alikuwa amefariki Januari mwaka huo.

Nyika yenyewe ina majeraha yake. Moshi wa viwanda uliua mimea midogo ya majimaji inayojenga mboji, moto na kondoo vikamaliza iliyobaki, na udongo uliojikusanya kwa maelfu ya miaka ukaanza kusombwa na mvua. Miguu ya watembeaji iliongeza uharibifu kwenye njia zilizopendwa. Tangu 2003 kuna kazi kubwa ya kuzibia makorongo, kupanda nyasi na kurudisha mimea ile kwa mkono, mche kwa mche, helikopta zikibeba mizigo. Penye mboji laini zimelazwa bamba za mawe, na nyingi kati ya bamba zilizolazwa katika nyika hizi zilitoka kwenye sakafu za viwanda vya pamba vilivyobomolewa Lancashire.

Haki ya kutembea popote inagusa takriban asilimia 8 tu ya ardhi ya Uingereza. Misitu mingi na kingo za mito hazimo. Aprili 2022, miaka 90 baada ya Rothman, watembeaji walikusanyika tena Kinder kudai iongezwe.