Priampu ya Shisanhang na Sauti ya Siti

Wanachama wenzetu mnaofika chumba cha chama siku za Ijumaa mmekwisha kukiona kile kisanduku cheusi juu ya rafu, chenye vali mbili zinazowaka rangi ya chungwa kama makaa yanayokaribia kufa. Wengi mmetuuliza kinafanya nini. Mwalimu wetu mmoja aliuliza kwa nini kinavuma. Makala hii ni jibu letu, na tunaomba radhi kwa kuchelewa.

Ni priampu, yaani kikuza-sauti cha awali. Sindano ikipita juu ya santuri hutoa umeme mdogo mno, milivolti chache tu, na priampu huukuza na kuurekebisha kabla haujafika kwenye amplifaya na spika. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na chipu ndogo kuliko ukucha. Yetu huifanya kwa vali, zile chupa za kioo ambazo wazee wenye redio za mezani waliziita taa.

Ilitoka Guangzhou. Mjomba wa mmoja wetu ana duka la nguo Kariakoo, na mzigo wake hununua Shisanhang, mtaa wa maduka ya jumla ambako mabunda huanza kusukumwa alfajiri. Jina hilo ni la zamani kuliko nguo hizo: maana yake ni nyumba 13 za biashara. Mwaka 1757 mfalme Qianlong aliamuru biashara ya bahari na watu wa Ulaya ifanyike katika bandari hiyo moja tu, na wageni wakawekwa kwenye ukanda mwembamba wa majengo kando ya Mto Lulu. Mambo yalikaa hivyo mpaka Mkataba wa Nanjing wa 1842. Majengo yenyewe yaliteketea kwa moto mwaka 1856, na leo mahali pake pana Bustani ya Utamaduni yenye makumbusho madogo. (Sisi watu wa pwani tuna sababu ya kupakumbuka: Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani aliyefanya mkataba na Sayyid Said kule Maskati mwaka 1833, alikuwa amepitia Canton, yaani Guangzhou hiyohiyo, katika safari ileile.)

Katika enzi ya nyumba 13, vyombo vya kaure vyeupe vililetwa kutoka Jingdezhen vikachorwa hapohapo Canton kwa oda ya mnunuzi. Ukitaka nembo ya ukoo wako, utapata. Ukitaka Uchina kama unavyoiwazia wewe, utapata pia. Tunalitaja hili kwa sababu ya yaliyompata mjomba. Ukitoka Shisanhang ukashuka kuelekea mtoni, unafika Xidi, kwenye wauzaji wa vipuri vya elektroniki. Tulikuwa tumemwagiza priampu ya vali kwa ajili ya santuri. Muuzaji alimuuliza anataka sauti ya namna gani. Mjomba, ambaye hajui chochote kuhusu mambo haya, akajibu: "Ya zamani." Akauziwa ya zamani.

Vali zake ni za aina ya 6N2. Hiyo sita ni volti 6.3 za kupasha moto waya wa ndani, na N huonyesha kwamba chupa moja ina triodi mbili. Namna hiyo ya kuzipa majina ina asili ya Kisovyeti, kwa kuwa kiwanda kikubwa cha vali cha Beijing kilifunguliwa mwaka 1956 kwa msaada wa Wasovyeti. Transista iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947 ilikuja kuziua vali karibu kila mahali, lakini Uchina iliendelea kuzitengeneza. Kiwanda cha Shuguang cha Changsha, kilichoanzishwa 1958, kilidumu hadi wapiga magitaa na wapenda muziki wa dunia nzima wakaanza kuzitafuta tena.

Kuirekebisha kulituchukua muhula mzima. Kwanza umeme: Guangzhou ni volti 220, hapa kwetu 120, ikabidi tununue transfoma. Kisha mvumo. Mashine ya santuri na priampu kila moja ilikuwa na njia yake ya kwenda ardhini, na njia mbili zikikutana hufanya mzunguko unaonasa mvumo. Tulipoziunganisha mahali pamoja ukapungua sana, ingawa haukwisha. Vali moja ilikuwa na tabia ya kulia kama kengele ukiigusa kwa penseli, tukaibadilisha. Ndani mna zaidi ya volti 200, na kapasita hubaki na umeme hata plagi ikishachomolewa, kwa hiyo tafadhali mtu asifungue kifuniko kwa udadisi.

Baada ya hapo tukaweka sahani ya Siti binti Saad, iliyorithiwa na familia ya mmoja wetu, yenye ufa ukingoni. Sauti ilitoka nzito, laini, kama inatoka nyuma ya pazia. Tuliipenda. Tuliwaalika watu, na kwenye tangazo tukaandika kwamba mtamsikia Siti kama walivyomsikia babu na bibi zetu, kwa joto la vali. Tangazo hilo tunalionea haya sasa.

Mwenzetu wa uhandisi ndiye aliyegundua. Priampu yetu inafuata kanuni iliyokubaliwa mwaka 1954: anayerekodi hupunguza besi na kuzidisha sauti nyembamba, na priampu hufanya kinyume chake ili mambo yarudi sawa. Siti alirekodi Bombay mwaka 1928. Kwenye sahani za wakati ule hakuna aliyezidisha sauti nyembamba, kwa hiyo priampu ilikuwa inapunguza kitu ambacho hakikuongezwa. Joto letu lilikuwa kosa la hesabu. Tukaweka swichi ya kuiondoa kapasita ile njiani, tukanunua na sindano nene inayofaa mifereji mipana ya sahani hizo.

Tena kulikuwa na kosa la pili, la historia. Kurekodi kwa maikrofoni na vikuza-sauti vya vali kulianza kibiashara mwaka 1925. Kabla ya hapo mwimbaji aliimbia ndani ya pembe. Kwa hiyo vali zilikuwepo, ila zilikuwa Bombay, upande wa Siti. Upande wa Unguja watu wengi walisikiliza kwa gramafoni ya kamani: unazungusha mkono, sindano ya chuma inatikisa kiwambo, sauti inatoka pembeni bila tone la umeme.

Bibi wa mwenzetu, aliyekulia Ng'ambo, alikuja kututembelea mwezi wa tatu. Tulimwamkia, tukampa kiti karibu na spika, tukamchezea sahani ileile mara mbili, kwa swichi na bila swichi. Ya kwanza, ile laini, aliisikiliza kwa adabu. Ya pili ilikuwa na ukali, mikwaruzo mingi, zumari ya pua kwenye kila neno, na hapo alianza kutamka maneno pamoja na Siti, hata yale mawili ambayo sisi tulikuwa tumeyaandika vibaya kwenye karatasi yetu.

Ilipokwisha tulimuuliza kama ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwao.

"Kwetu ilikuwa na kelele zaidi," alisema. "Usiku mama alikuwa akitia kanga ndani ya pembe, majirani walale."

Kisha akakiangalia kile kisanduku, akauliza kanga yake inatiwa wapi.